Mepo ya Kijapani kwenye chungu inasuasua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kabla hujashuka chini kutafuta swali lako naomba kitu kimoja tu, weka chini mbolea, weka chini dawa, na usihamishie mti kwenye chungu kingine leo. Mepo (miti ya mapambo, kwa Kiingereza Japanese maple) nyingi za kwenye chungu haziuliwi na ugonjwa, zinauliwa na mwenye mti aliyepaniki akafanya mambo matano wikiendi moja. Najua kwa sababu ya kwangu ya kwanza niliiua hivo hivo, nitaisimulia huko chini.

Majani yamekauka pembeni kama yamepigwa pasi. Huu ni ugonjwa gani?

Mara nyingi sio ugonjwa kabisa. Jani linapoteza maji kwa kasi kuliko mizizi inavyoyapandisha, na sehemu ya jani inayofikiwa na maji mwisho ni ncha na kingo, basi hizo ndo zinatangulia kukauka, zinakuwa kahawia na kukunjamana huku katikati bado kijani au nyekundu kama kawaida. Zile aina zenye majani yaliyochanikachanika kama manyoya, akina Crimson Queen na Inaba Shidare, zinaungua upesi zaidi maana jani lote ni kingo tupu.

Sasa angalia uunguaji umekaaje. Kama ni upande mmoja tu wa mti, upande unaotazama jua la saa nane au ule unaopigwa na upepo, jibu unalo, sogeza chungu. Kama ni mti mzima juu mpaka chini basi shida iko kwenye mizizi, na hapo ni ama imekauka, ama imezama kwenye maji, ama imepikwa na joto la chungu, ama chumvi imejaa kwenye udongo. Chumvi utaitambua kwa ule utando mweupe juu ya udongo na kwenye ukingo wa chungu, inatokana na maji magumu ya bomba au mbolea iliyozidi. Dawa yake ni kumwaga maji mengi safi, ya mvua ukiyapata, yapite mpaka yatoke chini, usubiri kidogo, urudie tena.

Jani lililoungua halirudi, hata ufanye nini. Ila usiyachume yote kwa hasira! Jani lenye nusu kijani bado linapika chakula cha mti, na mti unaoumwa unahitaji kila kijiko.

Nimwagilie mara ngapi kwa wiki?

Swali hili halina jibu la namba, na anayekupa namba anakupoteza. Mti uleule kwenye chungu kilekile unaweza kutaka maji kila siku kwenye kiangazi kikali, halafu ukakaa wiki mbili bila kuguswa ukiwa umepukutisha majani. Chomeka kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili, kama sentimita 4 au 5. Ukikuta unyevu, ondoka zako. Ukikuta kunaanza kuwa kukavu, mwagilia taratibu juu ya udongo wote, sio pale shinani tu, mpaka uone maji yanatoka kwenye matundu ya chini. Vikombe vidogo vidogo kila siku ni vibaya maana vinalowesha juu tu na chini mizizi inabaki na kiu.

Mimi siku hizi situmii hata kidole, nainua chungu upande mmoja kwa mkono. Ukishazoea uzito wa chungu kilichotoka kumwagiliwa na uzito wa kile chenye kiu hukosei tena, ni kama mtungi wa gesi, unajua tu umebaki kiasi gani.

Namwagilia vizuri tu na maji yanatoka chini, lakini mti unanyauka. Inakuwaje?

Hapa ndo watu wengi wanaposhindwa kuelewa, ngoja nikae kidogo. Kuna mambo mawili tofauti yanayofanana kwa nje.

La kwanza, udongo umekauka mpaka umekataa maji. Mchanganyiko wenye piti (mabaki ya mimea yaliyooza kinamasini) au magome ya msonobari ukishakauka kabisa hausharabu tena, maji yanateleza pembeni kati ya donge la udongo na mizizi na ukuta wa chungu yanatoka chini haraka, wewe unafurahi dreni nzuri, kumbe katikati ni vumbi. Chukua ndoo au beseni, zamisha chungu chote mpaka maji yafunike udongo, utaona mapovu yanapanda. Yakiisha, kama nusu saa hivi, toa uache kichuruzike.

La pili ni kinyume chake, mizizi imeoza. Mizizi inapumua, na udongo ukijaa maji muda wote hewa inaisha, mizizi inakufa, vimelea vya majini vinavyofanana na fangasi, kama Phytophthora, vinaingia kumalizia kazi. Mzizi uliokufa haunyonyi maji, kwa hiyo juu mti unaonyesha kiu huku chini umesimama kwenye bwawa, na mwenye mti akiona umenyauka anaongeza maji. Ndo maana nasema usiamini majani, amini udongo.

Nitajuaje hali ya mizizi bila kuiharibu?

Laza chungu ubavu, gongagonga pembeni, shika shina karibu na udongo, vuta taratibu donge litoke zima. Mizizi mizima ni migumu ukiiminya, ncha zake ni nyeupe au krimu. Iliyooza ni nyeusi au kahawia iliyokolea, ni teketeke, ukiivuta ganda lake linavuka kama soksi na kubaki uzi mwembamba katikati. Na harufu, udongo mzuri unanukia kama ardhi baada ya mvua ila uliooza unanuka kama mtaro.

Ile mepo yangu ya kwanza ilikuwa Bloodgood, nyekundu, nzuri kweli, na ilipoanza kukunja majani nikaiongezea mbolea, haikusikia, nikaihamishia kwenye chungu kikubwa mara tatu ya cha mwanzo katikati ya kiangazi, nikamwagilia asubuhi na jioni. Ikafa ndani ya mwezi. Nilipoitoa nikakuta donge la kitalu bado liko vilevile na umbo la kile chungu cha zamani, lilikuwa la magome matupu na ndani kavu kama rusk, na kulizunguka kuna udongo wangu mpya umelowa tope zito. Mizizi haikuwa imetoka hata sentimita moja. Yaani mti ulikufa kwa kiu ukiwa umekumbatiwa na tope.

Kwa hiyo nikihama chungu, nichague cha ukubwa gani na lini?

Kinachozidi cha zamani kwa sentimita 5 hivi upana, basi. Udongo mwingi usio na mizizi unakaa na maji ambayo hakuna wa kuyanywa. Wakati wake ni mwisho wa majira ya baridi, mti bado umelala na vichipukizi vinaanza kuvimba ila havijafunguka. Miti michanga kila miaka miwili au mitatu, mikubwa inaweza kukaa zaidi. Ukikuta mizizi imezunguka ndani ya chungu kama kamba, ifungue kwa vidole, mingine kata, unaweza kuondoa mpaka theluthi moja ya donge ukiwa kwenye msimu huo na mti ukiwa na afya.

Kiangazi usihame labda kama mizizi imeoza kweli, hapo huna namna, ni emajensi, kata iliyooza, weka udongo mpya unaopumua, chungu kilekile au hata kidogo zaidi, na kivuli.

Na wakati umeshika mti hebu angalia kitako chake, pale shina linapotanuka kugawanyika kuwa mizizi. Panatakiwa paonekane juu ya udongo. Miti mingi inatoka kitaluni imezikwa, kuna mmoja wa dada yangu nilichimbua sentimita 7 ndo nikakuta kitako, na juu yake kulikuwa na mzizi umeliviringa shina kama mkanda. Mzizi wa namna hiyo unalinyonga shina polepole, na mtu atahangaika miaka akitafuta ugonjwa.

Udongo gani mzuri?

Usichote udongo wa bustanini ukajaza chungu, unashindiliana na kuwa tofali. Unataka mchanganyiko wenye vipande vinavyoacha nafasi za hewa, mfano magome ya msonobari yaliyochakaa yawe sehemu kubwa, perlaiti au pamisi (vijiwe vyepesi vinavyoshika hewa), na mboji au mchanganyiko wa dukani kiasi. Uwe na uasidi kidogo, pH kati ya 5.5 na 6.5 inatosha. Chokaa usisogeze.

Niweke kokoto chini ya chungu ili maji yashuke?

Hapana. Najua bibi zetu na YouTube nzima wanasema uweke, lakini maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto kubwa, yanasubiri juu ya kokoto mpaka udongo ujae kabisa. Ulichofanya ni kupandisha tope karibu na mizizi. Weka kipande cha wavu kwenye tundu ili udongo usitoke na inatosha. Tundu lenyewe lazima liwepo, na kisahani kilichojaa maji chini ya chungu kimwage.

Mti umedhoofika, si niupe mbolea ujikaze?

Mbolea sio chakula cha mgonjwa. Mizizi iliyoumia haiwezi kuitumia, chumvi zake zinabaki kwenye udongo zinavuta maji kutoka kwenye mizizi, na kama mti bado una nguvu kidogo nitrojeni inausukuma kutoa machipukizi marefu malegevu ambayo yanaungua au yanaliwa na vidukari. Subiri uone ukuaji mpya wenye afya. Baada ya hapo, mbolea ya punje inayoyeyuka taratibu, mara moja majira ya machipuko yakianza, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko. Kuanzia katikati ya kiangazi acha, maana machipukizi ya mwishoni hayakomai kabla ya baridi.

Jua kiasi gani?

La asubuhi, na kivuli kuanzia mchana. Huko kwao Japani na Korea mti huu unaota msituni chini ya miti mirefu, jua linaufikia limechujwa. Zile nyekundu zikikosa jua kabisa zinageuka rangi ya shaba au kijani kijani, zile za njano kama Orange Dream zinaungua upesi. Na ukiutoa kivulini usiupeleke juani siku hiyo hiyo, sogeza kidogo kidogo kwa wiki mbili.

Halafu kitu watu wanasahau, jua linapiga chungu pia. Chungu cheusi cha plastiki kikikaa juani juu ya saruji udongo wa pembeni unapanda zaidi ya digrii 40 bila shida, na mizizi ya miti mingi inaanza kuumia ikipita 38. Mizizi ya pembeni ndo inapikwa kwanza, na kwenye chungu mizizi mingi iko pembeni. Tumbukiza chungu ndani ya kingine kikubwa kinachoachia nafasi ya hewa katikati, au kikinge na vyungu vingine. Juu ya udongo tandaza magome, sentimita 3 au 4, yasiguse shina.

Tawi moja limekauka ghafla katikati ya msimu, mengine mazima. Nifanyeje?

Kata tawi hilo kwenye sehemu iliyoathirika, tazama ile duara ya mti uliokata. Ukiona mistari au madoa ya kijani cha zeituni iliyokolea au kahawia kwenye mbao chini ya ganda, inawezekana kabisa ni Verticillium, fangasi anayeishi kwenye udongo, anaingia kupitia mizizi na kuziba mishipa ya maji. Huyu hana dawa. Mti unaweza kuishi naye miaka ukiutunza vizuri, ukakata matawi yaliyokufa, au ukafa msimu huo huo. Mkasi usafishe kwa spiriti kabla hujagusa mti mwingine, na mti ukifa udongo ule usitumie tena kwa mepo, tupa.

Kama mbao ni safi haina mistari, tulia, tawi linaweza kuwa limevunjika ganda, limenyongwa na kamba ya lebo (hii imetokea, msicheke) au limepigwa na jua. Kata mpaka kwenye mbao hai na uendelee na maisha.

Vijitawi vya ncha vimekuwa vyeusi machipuko yanapoanza.

Mara nyingi ni baridi ya kuchelewa, au bakteria anaitwa Pseudomonas syringae anayependa hali ya ubaridi na mvua na anaingilia kwenye vidonda vya baridi na mikato. Kata chini ya weusi siku kavu, safisha mkasi kila mkato, na siku za jalidi sogeza chungu chini ya paa. Hiyo ndo raha ya chungu, mti wa ardhini huwezi kuubeba.

Kuna wadudu. Wapi wa kuogopa?

Vidukari waoshe kwa maji ya mpira, wanachafua tu majani kwa utomvu wao. Utitiri wanakuja kukiwa na joto na ukavu, majani yanakuwa na vidoti vidoti, nao maji wanayachukia. Wadudu magamba wakwangue na mswaki wa zamani.

Wa kuogopa ni fukusi wa mizabibu, Otiorhynchus sulcatus. Mkubwa wake ni mweusi, anatembea usiku, anakata kingo za majani vipande vya nusu duara kama tiketi iliyotobolewa, na huo sio uharibifu wenyewe. Uharibifu ni watoto wake. Mabuu meupe yenye kichwa cha kahawia, yamejikunja kama herufi C, yanakaa ndani ya udongo kuanzia mwisho wa kiangazi yakila mizizi mpaka majira ya machipuko, na mti unaweza kuonekana mzima kabisa halafu ukiuvuta unatoka mkononi hauna mzizi hata mmoja. Ukiona zile tobo za tiketi kagua donge. Yaokote kwa mkono, halafu nematodi (vijiminyoo vidogo sana vinavyoua mabuu) za kumwagia na maji zinafanya kazi nzuri ilimradi udongo uwe na unyevu na usiwe wa baridi sana, aina ya Steinernema kraussei inafanya kazi hata udongo ukiwa na digrii 5.

Mti wangu ni mwekundu lakini tawi moja limetoa majani ya kijani, tena linakua kwa kasi.

Mepo nyingi za majina zimebebeshwa, yaani kikonyo cha aina unayoitaka kimeungwa juu ya mizizi ya mepo ya kawaida ya kijani. Chunguza chini ya lile kovu la maungio. Kama tawi linaanzia chini ya kovu, hilo ni la mama mizizi, ling'oe au kata liishie shinani kabisa, ukiliacha litaimeza ile nyekundu. Kama linaanzia juu, mti umerudia asili au uko kwenye kivuli kizito.

Baridi kali naiingiza ndani sebuleni?

Hapana jamani. Mti huu unapukutisha majani na kulala, na usipolala hauna nguvu ya kuamka vizuri. Sebule yenye hita inaumaliza. Ila mizizi kwenye chungu haina blanketi la ardhi, mti uliopandwa chini unavumilia hasi 20 na zaidi wakati mizizi yake ikiwa uchi inakufa kwenye hasi 10 hivi. Kwa hiyo upeleke gereji isiyo na joto, au ukutani umeukusanya na vyungu vingine na kuvifunga magunia. Ukiwa umelala hauhitaji mwanga. Maji unahitaji kidogo, usiusahau mpaka ukauke.

Na sehemu ambayo hakuna baridi kabisa mwaka mzima?

Nitakuwa mkweli, itasumbua. Bila wiki kadhaa za baridi mti unachanganyikiwa, unachipua nusu nusu, majani yanabaki madogo, kila mwaka unapungua. Sehemu za miinuko zenye usiku wa baridi kuna nafasi. Pwani ya joto, tafuta mti mwingine utakaokufurahisha bila kuuonea.

Majani yote yamedondoka kiangazi. Umekufa?

Sio lazima. Kwangua ganda la kijitawi kwa ukucha, sehemu ndogo kama punje ya mchele. Ukiona kijani chenye unyevu, uko hai. Ukiona kahawia kavu, shuka chini kwangua tena, endelea mpaka shinani. Mepo ikikosa maji huwa inatupa majani ijiokoe, na ikipata kivuli na unyevu wa wastani inaweza kutoa mengine ndani ya wiki chache, madogo kidogo. Ikishafika vuli, yaani majira ya kabla ya baridi, usiitupe pia, weka mahali salama mpaka machipuko ndo uhukumu.

Huo mda wa kungoja punguza maji, mti usio na majani haunywi kama wenye majani. Hapa wengi wanaumaliza uliokuwa unapona.

Naweza kuupogoa sasa hivi?

Matawi yaliyokufa wakati wowote. Hai, subiri ulale au katikati ya kiangazi ukiwa na afya, epuka mwisho wa baridi na mwanzo wa machipuko maana utomvu unachuruzika kwenye mikato. Na usipake rangi wala lami kwenye kidonda.

Nimefanya yote. Lini nitaona mabadiliko?

Majani ya mwaka huu ni picha ya yaliyotokea miezi iliyopita. Kitu cha kutazama ni vichipukizi kwenye vijitawi, vikiwa vimejaa na vigumu mwishoni mwa msimu mti unaweka akiba. Ukuaji wa kawaida unaweza kurudi mwaka unaofuata, ikiwa mizizi iliumia sana ni miwili. Piga picha kila mwezi kutoka sehemu moja, maana ukitazama kila siku utaona haibadiliki na mkono utaanza kukuwasha kuushika tena ule mfuko wa mbolea.